Katambuga za Kushoto Kwenye Koti la Marubani

Nyie vijana wa kijiwe cha bodaboda hapa Lusahunga, na nyie mabinti mnaojifunza kushona kwa kutazama simu, hebu tulieni leo mnisikilize. Kila siku "Shikamoo, Bibi Fundi," na kabla sijamaliza kusema marahaba mmeshaninyooshea suruali mbele ya pua. Punguza hapa, Bibi. Bana hapa. Toa nembo hii, weka ile. Jamani, nimestaafu! Tundu la sindano silioni, kiuno kimekwisha kwa kukanyaga cherehani, na bado mnanigongea mlango utadhani mimi ni zahanati.

Juzi ndiyo mmenimaliza kabisa. Amekuja Deusi. Mnamjua, yule wa pikipiki nyekundu, mjukuu wa marehemu Mzee Bitegeko wa Nyamahanga. Kaja na koti la ngozi la babu yake, kalitandaza mezani kwangu juu ya mchele niliokuwa nachagua, kasema:

"Bibi, naomba unifumulie hizi katambuga za mgongoni, unirudishie ndege."

Nilimwangalia, nikaliangalia koti, nikaona nikifungua mdomo nitatukana, na mimi ni mtu wa kanisani. Nikatoka nje kwanza nikafukuze kuku kwenye maharage. Hata kuku hawakuwepo. Nyie hamjui kazi iliyomo kwenye koti lile, wala hamjui ni koti gani. Kwa hiyo nitawaeleza, na nitaeleza kwa mpangilio wangu mwenyewe, sitaki mtu anidakie.

Tuanze na ngozi, maana hapo ndipo wote mnapokosea.

Mimi kazi nimefundishwa na Fundi Ramadhani, Mungu amrehemu, mtu wa Biharamulo mjini aliyehamia hapa njia panda kwa ajili ya malori. Wenzake walishona magauni, yeye alishona maturubai na viti vya malori yanayokwenda Rusumo. Mimi nilitoka Rulenge najua kushona sketi za shule, nikajiona fundi mkubwa. Siku ya kwanza akanipa vipande viwili vya ngozi ya kiti niviunganishe. Nikavibana kwa pini, kama nilivyozoea kwenye kitambaa. Akaja, akatazama, akashika kichwa.

"Nani kakwambia utoboe?"

"Ni pini tu, Fundi."

"Hebu zitoe."

Nikazitoa. Matundu yakabaki yamejipanga, yananitazama. Akasema, "Sikiliza, binti. Kitambaa ni mtoto: ukikikosea unakifua, unakipiga pasi, kesho kimesahau. Ngozi ni mama mkwe. Ukimkosea mara moja, hata wajukuu watasimuliwa."

Kwa hiyo, mabinti, ngozi haibanwi kwa pini. Tumieni vibanio vya kuanikia nguo. Gundisha kwanza, subiri ikauke, ndipo ushone. Mshono uwe wa hatua ndefu, maana ukishona hatua fupifupi unaikata ngozi na itachanika kwenye mstari kama karatasi ya daftari. Sindano ipitishe kwenye mshumaa. Cherehani ikigoma kuvuta, weka gazeti chini, shona juu yake, halafu lichane ulitoe. Mwisho wa mshono usirudi nyuma, funga uzi kwa mkono. Na pasi? Kuna binti mmoja, simtaji, amekaa hapo anajidai anacheka, alipiga pasi ya mkaa koti la dereva wa lori, likajikunja kama ukoko wa ugali. Dereva alikuwa anasubiri mlangoni, injini inanguruma. Mnaniuliza kwa nini nina shinikizo la damu.

Kitambaa nilikuwa nakipenda, ila wenye vitambaa ndio walionichosha. Mzazi anajua tangu mwaka jana kwamba shule inafunguliwa Januari. Atakuja lini? Jumapili, ametoka misani, mtoto kamshika mkono, kitambaa bado kina lebo ya dukani. "Mama Fundi, kesho asubuhi anaanza darasa la kwanza." Kwani huyo mtoto amezaliwa jana? Na ukimwambia hapana anakutazama kama umemfukuza mtoto shule. Basi unashona. Fundi Ramadhani yeye alikuwa na jibu moja tu kwa watu wote, "Njoo kesho," na kesho yake pia alisema "Njoo kesho." Mimi sikuwahi kuliweza jibu hilo, ndiyo maana nyie mnanionea.

Sasa, Mzee Bitegeko.

Ilikuwa siku ya gulio, wauza mitumba wamefungua robota la makoti, watu wamelivamia. Mimi nilikuwa pembeni nachagua vifungo. Mzee Bitegeko alikuja na huyuhuyu Deusi, wakati huo mwanafunzi wa sekondari, kaptura inataka kumdondoka. Mzee akachomoa koti la ngozi la kahawia, kola ya manyoya. Mgongoni limeshonewa ndege kubwa ya vita, ya ngozi nyekundu, pua yake imechorwa mdomo wenye meno kama samaki mkali. Juu ya ndege kuna ukanda wa ngozi wenye neno moja la Kiingereza.

"Limeandikwaje?" Mzee akauliza.

Deusi akasoma, akakuna kichwa. "Babu, maana yake ni mtu aliyejitolea."

Mzee akalivaa palepale, juani, jasho linamtoka. "Basi hili ni langu," akasema, akaondoka nalo mwilini.

Niliona ni vituko vya wazee. Sikujua. Kumbe Mzee Bitegeko, ujanani, vita vya Kagera vilipoanza, alikuwa Kasulo kule Ngara, amekwenda kuwasaidia wakwe zake kulima. Wakaja kutafuta watu wa kujitolea mgambo. Yeye akaondoka nao kutokea kulekule ukweni, hata nyumbani Nyamahanga hakupita kuaga. Kwao wakajua yuko Kasulo. Vita vikaisha, akarudi kwa miguu yake, akawaambia nimetoka vitani. Wakamcheka. "Vita gani? Wewe ulijificha ukweni unakula ndizi!" Tangu siku hiyo kila alipofungua mdomo kusema habari ya vita, mtu akamkata kauli kwa ndizi za ukweni. Alizaa, akazeeka, akapata wajukuu, na bado kwenye rubisi, pombe yetu ya ndizi, watu wakisimulia habari za waoga walikuwa wanaangalia upande wake.

Ndiyo maana alipoona neno lile alilivaa. Alidhani sasa watanyamaza.

Thubutu! Walipoona ndege mgongoni walikufa kwa kicheko. "Kumbe hukwenda kwa miguu, uliruka!" "Rubani, leo umetua wapi?" Watoto wa shule wakimwona njiani wananyoosha mikono kama mabawa. Koti alilolivaa ili aaminiwe ndilo likamfanya aonekane mwongo wa wazi kabisa. Mtu mwingine angelitupa. Yeye akalileta kwangu.

"Mama Fundi, nitolee ndege. Neno uliache."

"Mzee wangu, hii ni ngozi. Nikitoa ndege matundu yatabaki."

"Wewe toa."

"Nakwambia yatabaki."

"Koti ni la nani, langu au lako?"

Kwenye banda langu kulikuwa na kibao, mteja ni mfalme. Nilikitundika mwenyewe na nimekijutia maisha yangu yote. Nikachukua wembe, nikafumua uzi mmoja mmoja bila kuikata ngozi, kazi ya kutoa machozi. Alipokuja kulichukua akalinyanyua juani, na jua likapita kwenye matundu, na ndege ikaonekana pale yote, mabawa, mkia, mpaka meno.

"Bado inaruka!" akafoka.

"Si nilikwambia?"

"Umenidhulumu, Mama Fundi."

"Nimekudhulumu mimi? Mimi?"

Tukagombana mpaka mama muuza chai wa jirani akaja kutuamua. Mzee akaondoka kwa hasira bila koti. Gulio lililofuata akarudi. Shikamoo hakuna, habari hakuna, akamwaga kiroba mezani. Zikatoka katambuga mbili kuukuu, viatu vya matairi, visigino vimeliwa mpaka uzi wa ndani unaonekana, mikanda imekauka kama kuni.

"Mimi sikuruka," akasema. "Nilikwenda na hizi. Nishonee hizi hapo kwenye matundu, zifiche hiyo ndege yao." Akaondoka.

Wazo lenyewe, niseme ukweli, lilikuwa zuri. Katambuga mbili zikilazwa sambamba zinaziba mwili wa ndege vizuri kabisa, mabawa tu ndiyo yanachungulia. Tairi lenyewe halishoneki kwenye koti, ila Fundi Ramadhani aliniachia mabaki ya ngozi nyeusi ya viti, ngumu, nzuri, ya kukatia umbo lake. Nikachukua chaki nizichore. Hapo ndipo nikaona: zote mbili za kushoto.

Nikacheka peke yangu. Nikasema huyu mzee kaokota gizani chini ya kitanda, kachukua moja ya hapa na moja ya kule. Nyie mngefanya nini? Fundi gani anashona kushoto mbili? Hata mtoto anajua viatu vinakwenda kulia na kushoto. Nikajisemea nimsaidie mzee wa watu, asije akachekwa tena. Nikachora moja ya kushoto kwenye karatasi, nikaigeuza, nikapata ya kulia safi kabisa. Nikagundisha, nikabana kwa vibanio, nikashona nikizungusha gurudumu kwa mkono, nikifuata matundu ya zamani kila nilipoweza. Nikaweka na mikanda. Nilipomaliza niliita majirani waje waone. Nilijisifu, sifichi.

Mzee akaja, akalishika koti, akaweka kidole juu ya ile ya kulia.

"Nani kakwambia uweke ya kulia?"

"Mzee, wewe umeniletea kushoto mbili."

"Najua nilichokuletea."

Hapo nikapandwa na mori. Nikamwambia Mzee, nimechoka. Ndege toa, ndege bado inaruka, katambuga weka, sasa katambuga nayo ina kesi! Mungu katuumba na mguu wa kulia na wa kushoto, kama una ugomvi nenda kagombane naye, mimi ni fundi tu.

Hakunijibu kwa ukali. Akakaa kwenye benchi la wateja, koti magotini.

"Yangu ya kulia ilikatika," akasema. "Tumeshapita Mutukula. Nikatembea na mguu mmoja mtupu, sanduku la risasi kichwani. Nilikuwa na mwenzangu, Laurenti, mwashi, kijana wa Kasulo. Tuliondoka pamoja kutoka kule kwa wakwe zangu. Huyo akakanyaga bomu la kufukiwa. Nilimwombea, Mama Fundi, nikamwomba na radhi, nikamvua katambuga nikavaa mimi, maana safari bado."

"Si ungechukua ya kulia?" nikauliza. Mdomo ulijiendea wenyewe, kazi yangu ilikuwa kuuliza vipimo.

"Ya kulia haikuwepo," akasema. "Na mguu haukuwepo."

Mama muuza chai alikuwa amesimama na birika lake, akaliweka chini.

"Nimekwenda na hizo, nimerudi na hizo," Mzee akasema. "Nikafika nyumbani wananiambia nimenenepa kwa ndizi. Ningemwita nani aseme? Aliyeniona yuko kule."

Nililia, na nilikuwa na hasira nikilia, hasira na watu wa Nyamahanga, hasira na yeye kwa kutoniambia mapema. Nikafumua ile ya kulia palepale, uzi mmoja mmoja. Nikaweka ya kushoto. Kwa hiyo mkilitazama koti lile kwa karibu mtaona matundu ya ndege, mtaona na matundu ya katambuga ya kulia ambayo haikutakiwa, na juu yake hizo mbili. Mafundi wakiliona wanadhani alishona mlevi. Waache wadhani.

Na mnajua Mzee alilifanyia nini? Kuanzia siku hiyo, akienda popote, anakaa kuwapa watu mgongo. Kwenye rubisi, kwenye mkutano wa kijiji, hata akija hapa gulioni kunywa chai. Makusudi kabisa! Mtu haachi kuona. Haipiti muda atasikia nyuma yake, "Mzee, fundi wako alikosea? Mbona kushoto mbili?" Naye anageuka taratibu, anasema, "Kaa, nikueleze." Wakikaa wanacheka, wakinyanyuka hawacheki. Jina la Rubani likafa lenyewe. Walewale wa ndizi za ukweni ndio waliokuja kulibeba jeneza lake mwaka jana, na mmoja wao alilia mpaka akashikiliwa.

Sasa rudini kwa Deusi, juzi, na koti juu ya mchele wangu.

Akatoa simu. "Bibi, wewe hujui. Haya makoti ni ya heshima." Akanionyesha picha, wazungu wamevaa makoti kama lile, ndege zenye meno zimepangwa nyuma yao. Akanisomea kwamba ni kumbukumbu ya kikosi cha marubani wa kujitolea wa ile vita kuu ya zamani. Waliacha kwao wakaenda kupigana angani kwa ajili ya nchi ya watu wengine, kabla nchi yao wenyewe haijaingia vitani. Mpaka leo watu wanashona makoti hayo kuwaenzi. "Likiwa na ndege yake, Bibi, hili ni koti la maana. Sasa hivi wananiita Kushoto Mbili pale kijiweni."

Nikamwambia, mjukuu wangu, mimi sina ugomvi na hao marubani. Walijitolea, wapo ambao hawakurudi, na kwao wakawashonea makoti. Wamefanya vizuri. Babu yako naye alijitolea. Nani alimshonea?

Akairudisha simu mfukoni.

"Uliwahi kumuuliza kwa nini ni kushoto mbili?"

"Hapana, Bibi." Akainama. "Mimi nilikuwa Kahama kwenye kazi. Nikija likizo naliona tu. Nilidhani wewe ndiye ulikosea. Nikaona si vizuri kuuliza, nitakuaibisha."

Haki ya Mungu! Miaka yote hiyo mtoto ananisitiri! Mzee amekaa anawapa mgongo wilaya nzima ili aulizwe, na mjukuu wake wa damu, aliyemsomea lile neno gulioni, anapita nyuma yake kimya kwa adabu. Kuuliza si ujinga, tunawafundisha tangu chekechea. Nyie mnauliza simu habari za watu wa ng'ambo, na babu yuko sebuleni.

Nikamweleza yote, kama nilivyowaeleza nyie, ila yeye nilimweleza kwa sauti ya juu zaidi. Aliposikia habari ya mguu wa Laurenti akaligeuza koti, akawa anapitisha kidole kwenye matundu ya ile katambuga ya kulia niliyoifumua. Hakuniambia habari ya ndege tena.

Baadaye akasema, "Bibi, huyo Laurenti, naomba umwandike jina."

"Wapi? Kwenye ngozi? Saa nzima nimekueleza nini?"

"Ndani. Kwenye bitana."

Bitana ni kitambaa. Sikuwa na pa kukimbilia. Nikamwambia atunge uzi mwenyewe, mimi sioni. Aliulamba uzi, akaukosa, akaulamba tena, mtu mzima anayeendesha pikipiki usiku kwenye vumbi la malori, tundu la sindano linamshinda. Alipofanikiwa nikashona kwa mkono, herufi zimepinda, L yangu imelala kama mgonjwa. LAURENTI WA KASULO.

"Na Babu?" akauliza.

Nikampa sindano. "Huyo mshone wewe."

Akashona. Amejichoma vidole, ametia na damu kidogo, kazi mbaya ambayo Fundi Ramadhani angeichoma moto. Sikumsahihisha hata herufi moja. Nimeshajifunza.

Jana nimepita kijiweni kwenu natoka kununua chumvi. Wote mmekaa mmeelekea barabarani, macho kwa abiria, mnapiga soga. Deusi peke yake amekaa kwenye pikipiki yake ametazama ukutani, koti mgongoni, amewapa mgongo wote. Nilisimama pale ng'ambo ya barabara na chumvi yangu mpaka miguu ikaniuma, nasubiri. Hakuna hata mmoja wenu aliyemuuliza.